Eti Ajenda Inaua Ubunifu

Ofisi ikiniita kuendesha kikao, iwe Upper Hill au Westlands hapa Nairobi, kabla chai haijamiminwa lazima mtu aninong'oneze: “Leo tusijifunge na ajenda, tunataka watu wafunguke.” Nimeisikia mpaka basi. Na anayesema hivyo, ukimfuata Jumapili kwenye chama chake cha kuweka akiba, utamkuta na kumbukumbu zilizotiwa sahihi na faini ya waliochelewa, wala hajawahi kulalamika kwamba amefungwa.

Dhana: Waachie watu uhuru, mawazo yatakuja yenyewe.

Hayaji. Piga hesabu. Watu 12, saa moja, na mmoja tu ndiye anaweza kusema kwa wakati mmoja. Hata mkigawana sawasawa, kila mtu ana dakika tano, na hatujamtoa bosi anayekula ishirini peke yake. Wengine wote wanangoja zamu, na anayengoja zamu hafikirii jipya: ameshikilia lake lisimponyoke, au amekata tamaa kwa kuwa limeshasemwa nusu na mwingine. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walipima jambo hilihili, wakakuta kungoja zamu ndiko kunakopunguza mawazo kuliko uvivu au woga wa kuhukumiwa. Kabla yao, mwaka 1958, jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, waliwapita kwa mbali wanne waliokaa pamoja.

Na msiniletee jina la Alex Osborn, yule mtu wa matangazo wa Marekani aliyevumisha vikao vya kumwaga mawazo. Osborn mwenyewe aliweka kanuni nne, ya kwanza ikiwa kutokosoa wazo lolote wakati mawazo bado yanatolewa. Watu walichukua kelele wakaacha kanuni.

Mimi nafanya hivi, na sibadilishi hata mteja akinuna. Swali moja linaandikwa ubaoni. Si “mawazo mapya”, hilo si swali. Kisha dakika kumi za kimya, simu zimefunikwa, kila mtu anaandika. Karatasi hazina majina. Nazikusanya, nazichanganya, nazisoma kwa sauti. Ndipo mjadala unaanza, na mkubwa anasema wa mwisho.

Kampuni moja ya vifurushi kule Mombasa Road ilikuwa na swali hili: kwa nini wateja wanapiga simu tena na tena siku ya kupelekewa mzigo? Mameneja walikuwa tayari kununua mfumo mpya wa simu. Karatasi moja, mwandiko mdogo wa kubanana, ilisema: “Ujumbe tunaowatumia hauna nambari ya mwendeshaji boda.” Basi. Mwandishi alikuwa msichana wa kupokea simu, aliyekaa karibu na mlango na ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuingie. Kwenye huo “uhuru” wenu angeondoka na wazo lake hadi stejini.

Dhana: Hakuna wazo baya.

Yapo, tena mengi. Kinachotakiwa ni kuahirisha hukumu. Tenga nusu ya kwanza ya kutoa mawazo na nusu ya pili ya kuyachuja bila huruma, na watu waambiwe mapema sasa tuko nusu gani.

Dhana: Bosi akianza, anatoa mwelekeo.

Anatoa jibu. Baada ya hapo utasikia “naunga mkono” kutoka kila kona ya meza.

Dhana: Muda mrefu, mawazo mengi.

Mbinu ya Bernd Rohrbach, Mjerumani, ya mwaka 1968, inatumia nusu saa: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha anampa jirani karatasi ayaendeleze. Raundi sita, mawazo 108. Kikao cha asubuhi nzima kinawapa nini zaidi, kando na mandazi?

Dhana: Lililo muhimu litajitokeza kwenye “mengineyo”, mwishoni mwa ajenda.

Kwenye “mengineyo” watu wameshashika mikoba wakifikiria foleni ya Thika Road. Kama ni muhimu, liandike liwe swali la kwanza, na ajenda iwafikie watu jana yake.