Matatizo ya ulaji hayachagui umbo

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, wengi tumekua tukiamini kwamba matatizo ya ulaji ni ya wasichana matajiri wa Ulaya wanaotafuta wembamba. Aliyelelewa kwa ugali na sato, tunasema, atayapata wapi? Imani hiyo inaeleweka, maana picha tunazoonyeshwa ni za watu waliobaki mifupa.

Hiyo ni anoreksia: mtu hujinyima chakula hadi anadhoofika, huku bado akijiona mnene. Ila kuna bulimia, nayo ndiyo inayonihangaisha zaidi. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha. Uzito wake mara nyingi ni wa kawaida, hivyo hata anayelala naye chumba kimoja huenda asijue. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wengine hula kupita kiasi bila kujitapisha, wakabaki na aibu nzito.

Vijana wanaobalehe na wanamichezo wamo hatarini zaidi, wavulana pia.

Ukitaka kuhakikisha kama mtu wako ana tatizo la ulaji, usitegemee mizani peke yake. Tazama mwenendo: anakwepa kula na wenzake? Huenda chooni kila baada ya mlo? Huficha chakula? Muulize faraghani, kwa upole, kisha msindikize kituo cha afya. Kukonda na kutapika huweza pia kuletwa na kifua kikuu au vidonda vya tumbo, kwa hiyo apimwe kwanza.