Tathmini ya teknolojia za afya si kibali wala si uamuzi

Imekuwa kawaida kusikia kwamba dawa fulani "imepita tathmini ya teknolojia za afya, kwa hiyo ni salama", au kwamba wagonjwa wamekosa tiba kwa sababu "tathmini imeikataa". Kauli zote mbili zinaipa tathmini kazi isiyo yake.

Tathmini hii ni utafiti unaopima faida, madhara, gharama na athari za kijamii za dawa, chanjo, kipimo, kifaa au upasuaji, kwa kuvilinganisha na huduma iliyopo. Usalama na ubora wa dawa ni jukumu la mamlaka inayoisajili. Tathmini huuliza swali jingine: je, afya itakayoongezeka inalingana na fedha za umma zitakazoongezeka? Dawa iliyosajiliwa kihalali inaweza kuonekana haifai kulipiwa na bima ya taifa kwa bei inayotozwa, na hayo maneno "kwa bei inayotozwa" ndiyo yanayosahauliwa mno.

Thailand inaonyesha vizuri mipaka hiyo. Nchi hiyo ilianzisha bima ya afya kwa wote mwaka 2002, na mwaka 2007 ikaunda HITAP, taasisi ya utafiti inayofanya tathmini hizi, yenye uhuru kiasi chini ya Wizara ya Afya ya Umma. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya shingo ya kizazi, ilipochunguzwa, bei ya wakati huo ilionekana kubwa kuliko faida. Matokeo hayo yaliwapa wapatanishi wa serikali hoja ya kudai punguzo, na mwaka 2017 chanjo ikaanza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa darasa la tano.

Mfano wa wagonjwa wa figo una uzito zaidi. Uchambuzi wa kiuchumi ulionyesha kuwa kusafisha damu, iwe kwa mashine au kupitia utando wa tumbo, kuligharimu kupita kiasi kwa kila mwaka wa maisha yenye afya uliopatikana. Hata hivyo, mwaka 2008 serikali iliamua kulipia, ikitanguliza njia ya tumbo, kwa kuwa familia zilikuwa zikifilisika na wasio na uwezo wakifa. Watafiti hawakukosea hesabu, na serikali haikuwadharau: waliotathmini walieleza gharama, na waliokabidhiwa dhamana wakapima gharama hiyo pamoja na haki na huruma, jambo ambalo hakuna fomula inayoweza kulifanya kwa niaba yao.

Basi ni sahihi zaidi kusema kwamba tathmini *imeonyesha* tiba hii, kwa bei hii na kwa wagonjwa hawa, inaleta kiasi hiki cha afya. Aliyekubali au kukataa kuilipia atajwe kwa cheo chake, maana yeye ndiye anayepaswa kuulizwa sababu.