Neti Kwanza, Lori Baadaye

Siku hizi kwetu Free Area, hapa Nakuru, tunakula chakula cha jioni katikati ya katoni. Kifungua mimba wangu ana miaka mitano na yuko PP2, darasa la chekechea, wa kati ana mitatu, na kitinda mimba anatimiza miezi minane wiki hii. Baba yao alihamishiwa kazi Kisumu, akatangulia, nasi tunamfuata baada ya Jumapili tatu. Nahesabu kwa Jumapili kwa sababu ndivyo ninavyowahesabia watoto. Wa miaka mitatu ukimtajia tarehe hujamwambia kitu, lakini Jumapili anaijua: ni siku ya viatu vya kanisani na chapati.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Kwa miaka kumi na moja nimepima uzito, nimechanja, na nimeagana na akina mama wengi waliokuwa wakihama Nakuru kwenda upande wa ziwa. Wengi huwa wameshapanga mambo ya vyombo hadi kijiko cha mwisho. Mambo ya mtoto hupangwa usiku wa kuamkia safari, na mara nyingine kitabu chake cha kliniki hupatikana mwezi wa pili baada ya kuhama, chini ya katoni ya sufuria. Sasa zamu ni yangu, na nimeamua kuanza na watoto kabla ya vyombo.

Nitaanza na malaria, na hapo nitakaa kidogo.

Baba yao ni mtu wa Siaya, jirani na Kisumu. Tulipompigia mama mkwe simu kumpa habari, alifurahi sana, kisha akaniambia nisijisumbue na neti: "Hao ni watoto wa huku, mwanangu. Mbu wa kwetu watawatambua." Nampenda mama huyu na sikumbishia kwenye simu. Lakini watoto wangu wamezaliwa Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, mahali ambapo baridi ya usiku haivipi vimelea vya malaria nafasi nzuri ya kukua ndani ya mbu. Kisumu iko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na malaria iko huko mwaka mzima. Ile nguvu ambayo dani, yaani huyo bibi yao, anaiona kwa watoto wa kijijini, wale wanaopata homa leo na kesho wako uwanjani, mwili huijenga polepole kwa kuugua mara nyingi tangu uchanga, na wengine hawafiki mwisho wa safari hiyo. Haiji pamoja na jina la ukoo. Na aliyekuwa nayo akikaa mbali kwa miaka, hupungua. Mume wangu mwenyewe, mzaliwa wa Siaya aliyekaa Nakuru miaka kumi na miwili, alilazwa kwa malaria mwezi wake wa pili Kisumu.

Mtoto wa Nakuru anayehamia Kisumu basi ni mgeni kamili kwa ugonjwa huu, na ugonjwa humshika mgeni kwa haraka. Jambo linalowapoteza wazazi ni muda. Malaria haionyeshi dalili usiku ule ule wa kuumwa na mbu. Huchukua angalau siku saba, mara nyingi kati ya kumi na kumi na nne. Ukihamia Jumamosi, homa ya kwanza itakuja wiki ya pili, wakati umeshatulia na umeanza kusema nyumba ni nzuri. Ndipo utasikia "ni mabadiliko ya hewa" au "ni meno". Mtoto anapewa dawa ya kutuliza homa, anachangamka kidogo, siku mbili zinapita, na kwa mtoto mdogo siku mbili ni nyingi mno. Tafadhali, homa yoyote katika miezi ya kwanza ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Akikutwa na malaria, dawa yake iitwayo AL hupewa mara sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula au maziwa, na humalizwa hata kama mtoto keshaanza kurukaruka.

Kinyume chake nacho nimekiona hapa kliniki kila Januari. Familia imetoka Krismasi Siaya au Busia, mtoto ana homa, na mama hasemi walikuwa wapi kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Semeni tu, hata msipoulizwa.

Neti zetu nilizinunua mwezi uliopita, zile zilizotiwa dawa kiwandani, na nimezitundika hapa hapa Free Area. Jirani alinishangaa, maana usiku wa Nakuru watu hutafuta blanketi la pili. Sababu yangu ni hii: mtoto ambaye hajawahi kulala ndani ya neti huiona kama mtego. Wa kati alilia usiku wa kwanza, wa pili akaivuta ikakatika kamba, wa tatu akaiita nyumba yake na kuingiza kikombe na kandambili moja. Sasa halali bila yeye mwenyewe kuichomeka chini ya godoro. Vita hivyo nimevimaliza hapa penye hatari ndogo.

Mdogo ana jambo lake zaidi. Kuna chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti za magharibi, Kisumu ikiwemo. Hutolewa kwa dozi nne: miezi 6, 7 na 9, na ya mwisho katika mwaka wa pili wa umri. Huku Nakuru haimo kwenye ratiba, kwa hiyo mtoto anayehama akiwa mchanga hufika akiwa amepitwa, na hakuna atakayejua asipopelekwa. Ndiyo maana wiki ya kwanza Kisumu mimi na kitinda mimba tuna miadi na kliniki hata kabla sijajua soko liko wapi. Na wewe mjamzito unayehama, mwambie muuguzi wa huko kwamba umetoka Nakuru. Upande wa ziwa wajawazito hupewa vidonge vya kukinga malaria wanapohudhuria kliniki, na hapa hukuwa ukipewa.

Ukiwa na kitabu mkononi, tazama pia sindano ya pili ya surua na rubela ya miezi 18. Hiyo ndiyo ninayoikuta imerukwa mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa baada ya miezi 9 mama huona kliniki imekwisha. Vitamini A ni kila miezi sita hadi karibu miaka mitano, na dawa ya minyoo ni vivyo hivyo kuanzia mwaka mmoja. Ukipiga picha kila ukurasa kwa simu, kitabu kikipotea njiani hutaanza kubahatisha.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Hapa Nakuru maji mengi ya visima yana floraidi nyingi, ndiyo unayoiona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu, na kuyachemsha hakuitoi. Kisumu adui ni mwingine, kuhara na kipindupindu, na huyo kuchemsha humweza. Kwa hiyo mazoea ya kuchemsha ambayo baadhi yetu tumeyalegeza hapa lazima yarudi. Nimeweka kando pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vya mtoto anayehara.

Sasa niseme la pili lililo zito, na hili halipo kwenye kitabu chochote cha kliniki. Dada anayetulelea watoto hatakuja nasi. Ana mtoto wake Molo na mama mgonjwa, na namwelewa kabisa. Alikuja kwetu wa kati akiwa na miezi mitatu. Ndiye anayejua kwamba huyu hunywa uji wa wimbi ukiwa vuguvugu tu, na kwamba kichwa huoshwa mwisho. Sisi watu wazima tunaposema "tunahama" tunafikiria nyumba na mtaa. Mtoto wa miaka mitatu hapotezi mtaa. Anampoteza mtu aliyemwogesha kila siku ya maisha anayoyakumbuka.

Na desturi yetu katika hili ni mbaya, nitasema wazi. Dada huondoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, ili wasilie. Akiamka, mtoto anamtafuta jikoni, bafuni, nyuma ya mlango. Akiuliza anaambiwa "ameenda dukani." Anamngoja kutoka dukani wiki nzima. Mama hao hunijia kliniki wakisema mtoto ameanza kukojoa kitandani, hali, anang'ang'ania sketi hata chooni, na wanauliza kama ni minyoo. Nauliza nani ameondoka nyumbani, na mara nyingi kuna aliyeondoka.

Sisi tumewaambia watoto mapema, dada mwenyewe akiwepo. Wa kati alilia, dada akalia, nami nikalia. Kisha tukala ugali na omena kama siku nyingine. Dada ataondoka mchana, watoto wakiwa macho, watamsindikiza hadi kwenye matatu na watapunga mkono hadi ipotee. Tumekubaliana kumpigia simu kila Jumapili jioni. Wiki hizi namuomba niogeshe mimi, yeye akae kando akinielekeza, ili mikono ibadilike kabla nyumba haijabadilika. Wa kati amerudi kukojoa kitandani mara mbili. Simgombezi. Nabadilisha shuka.

Kufunga vyombo kwenyewe kuna hatari zake. Kabati la juu linaposhushwa, dawa, jiki, na sumu ya panya vyote hukaa sakafuni, mkono wa mtoto unapofika. Mafuta taa humiminwa kwenye chupa ya soda kwa sababu galoni imeshafungwa. Hilo la chupa nakusihi usilifanye. Mtoto akinywa mafuta taa usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali, kwa kuwa yakipanda tena ndipo huingia mapafuni. Na usiku wa mwisho, mtungi wa gesi ukiwa umeshafungwa kwa safari, watu huwasha jiko la makaa ndani na kufunga madirisha kwa baridi ya Nakuru. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, na aliyelala hawezi kujitetea. Kama huna budi, pika nje, na jiko lilale nje.

Siku ya safari ni kilomita 180 hivi kupitia Mau Summit na Kericho, baridi ya jaketi hadi Kericho, kisha joto la Ahero. Mdogo nitamvua tabaka moja moja tukiteremka. Watoto wetu hufungwa marvin, ile kofia ya sufu, na sweta mbili hata Kisumu, wakatokwa vipele vya joto shingoni. Anayenyonya apewe ziwa mara nyingi zaidi, na aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata kule.

Kuna mfuko mmoja ambao hautapanda lori. Una vitabu vitatu vya kliniki, vyeti vya kuzaliwa, barua ya shule ya mkubwa, kipimajoto, ORS, sufuria ndogo ya uji, blanketi la wa kati ambalo sijalifua kwa makusudi ili libaki na harufu ya hapa, na neti, pamoja na misumari, kamba na nyundo. Tukifika, kitanda kinaweza kungoja kesho na tukalala kwenye magodoro chini. Neti zitatundikwa kabla jua halijazama.