Magoti yalipona, moyo haukupona

Binti wa miaka 13 alipanda kilima kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, hadi kwangu akipumzika mara tatu njiani. Mamake akaniambia, "Dokta, mwaka jana yalikuwa magoti. Yalipona yenyewe. Sasa ni pumzi." Niliweka stetoskopu upande wa kushoto wa kifua, nikasikia mvumo mrefu, kama upepo unaopenya mlango usiofunga sawasawa.

Ni vali hiyo. Moyo una vali nne, yaani milango midogo inayoilazimisha damu kwenda upande mmoja, na ile ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto, ndiyo inayoumia zaidi.

Yote yalianzia kooni. Bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A huleta mafindofindo, na homa inayofuata huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, zaidi wanakolala wengi chumba kimoja. Koo hupona. Wiki mbili tatu baadaye, kinga iliyompiga mdudu huyo humgeukia mtoto mwenyewe, kwa kuwa protini za mdudu zinafanana na za moyo. Leo goti limevimba, keshokutwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Wengine mikono huchezacheza bila wao kutaka, na watu husema mtoto ana mashetani.

Magoti hupona kabisa, na hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Vali hubaki na kovu. Homa ikirudi, kovu huongezeka: vali inavuja, na baada ya miaka inakakamaa na nafasi ya kupitisha damu kuwa nyembamba. Kuna wanawake wanaogundua ugonjwa huo wakiwa wajawazito, damu inapoongezeka mwilini na pumzi kukata usiku.

Wazazi, nawasihi: kukata kilimi hakumuui streptokoka. Penisilini humuua, na ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, homa hiyo huzuilika.

Aliyekwisha kuugua huchomwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Dawa ni nyeupe, nzito, huziba sindano, na inauma kweli. Mimi hushika kichupa kiganjani kipate joto, kisha nasukuma polepole. Haifuti kovu, huzuia pigo jingine.

Mwezi huu binti yule alikuja bila mamake, kadi mkononi, siku moja kabla ya tarehe yake.