Nkrumah Hall na upepo wa Mlimani

Kama bado unayo ile noti ya 500 yenye sura ya mzee Karume, igeuze nyuma. Lile jengo lenye paa la zege lililopinda, pembe zimeinuka, ndo Nkrumah Hall ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wameishika mkononi miaka na miaka bila kujua ni nini.

Chuo hakikuanzia pale Mlimani, kwenye kile kilima kilipo sasa. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi hawafiki hata 20. Mwaka 1964 ndo wakahamia huko juu, na 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea.

Sasa mimi kama msanifu majengo nikipanda Mlimani kitu cha kwanza naangalia upepo unapita wapi. Wale Norman & Dawbarn, kampuni ya Uingereza iliyochora, walijua wanajenga kwenye joto la pwani na miaka ile kiyoyozi hakikuwa kitu cha kutegemea, kwa hiyo jengo lenyewe ndo lilitakiwa lipoze watu. Chumba kinakuwa chembamba, madirisha pande mbili yanatazamana, kusi ikivuma inaingia huku inatokea kule, kaskazi ikija vilevile. Vile vibao vya zege vinavyotokeza nje ya madirisha siyo mapambo jamani! Kazi yake kuzuia jua lisipige ukutani, maana ukuta ukishapata moto mchana unautoa usiku kucha na anayelala humo ndo anaukoma.

Kinachoniuma ni kwamba siku hizi jengo la namna hii likifanyiwa ukarabati, matundu ya hewa yanazibwa, inawekwa alumini na vioo, halafu viyoyozi vinaning'inizwa nje kila dirisha. Umeme ukikatika darasa linakuwa tanuri, yaani kitu kilichokuwa kinafanya kazi bure tumekiziba kwa hela zetu wenyewe.

Ukienda Mlimani saa nane mchana, jua kali, kaa kivulini pale nje ya Nkrumah Hall dakika kumi tu uache shati likauke.