Njia Kabla ya Mirathi: Eka Tatu Zinavyogeuka Mtaa

Mimi ni mpima ardhi, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko hapa Unguja, baina ya Fuoni na Tunguu, mahali ambapo mtu akiulizwa kama anakaa mjini au shamba hucheka kwanza ndipo akajibu. Mihogo na mifenesi bado ipo, lakini baina ya konde moja na jengine imesimama misingi ya matofali ya saruji, na kila msingi una mwenyewe aliyehamia kutoka mitaa ya Ng'ambo mjini, Pemba au bara. Swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini nyumba hizi zinajengwa pasipo njia na kwa nini hakuna aliyezuia. Kwa ninavyoiona kazi yangu, jawabu lake halianzii katika ofisi ya mipango. Linaanzia katika mirathi.

Nitaje hesabu za sensa kwanza. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569, na mwaka 2022 walifika 1,889,773. Macho ya wengi huelekea Mkoa wa Mjini Magharibi kwa sababu ndiko waliko watu wengi, lakini mkoa uliokua kwa kasi kuliko yote ni Kusini Unguja, ambako Tunguu imo, uliotoka watu 115,588 hadi 195,873, yaani ongezeko linalokaribia asilimia 70. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya mwambao wa mahoteli, Paje na Jambiani, kwa hiyo nisingependa mtu alitwishe Tunguu peke yake.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu, kwa sharti la kulima, si la kuuza wala kukatakata. Sheria Na. 12 ya 1992 nayo imeshikilia kwamba ardhi yote ni mali ya umma, na kwamba alicho nacho mtu ni haki ya kuitumia. Waliopewa eka hizo wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Serikali inaitazama eka tatu kama kitu kimoja, ilhali warithi wanaitazama kama mafungu, na mafungu hayo yana kanuni yake, ya mirathi ya Kiislamu, ambayo hakuna mtu wa shamba asiyeijua.

Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mjane, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, kisha kinachobaki hugawiwa mafungu manane, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,140, kwa hiyo mjane atapata 1,518 hivi, kila mtoto wa kiume 2,656 na kila mtoto wa kike 1,328. Shamba la mita 1,328 halimlishi mtu hata likiwa la udongo mzuri wa kinongo, lakini linatoa viwanja vinne vya mita 20 kwa 15. Basi binti huyo anapouza mimi siwezi kumlaumu, wala sijawahi kusikia hoja ya maana kutoka kwa wanaomlaumu, ambao aghalabu nyumba zao zimeshasimama mjini siku nyingi.

Tatizo liko katika hesabu ya pili. Eka tatu zikikatwa zote kuwa viwanja vya mita za mraba 300, vinapatikana 40. Ukiacha robo ya eneo kwa ajili ya njia, mitaro na mahali pa watoto kucheza, vinapatikana 30. Viwanja kumi vilivyokosekana ni fedha ya mtu, na hakuna anayemrudishia. Wala hasara hiyo haimwangukii kila mrithi sawasawa, kwa sababu mwenye fungu la mbele, linalopakana na barabara, hahitaji njia yoyote ili auze, na mwenye fungu la nyuma hana cha kuuza mpaka wa mbele akubali kupunguza. Hapo ndipo ndugu wa tumbo moja wanapoanza kupitana bila salamu.

Siasa ya mahali inaingia kwa muhuri. Mauziano mengi ya viwanja hivi huandikwa kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi na sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, ambaye huipiga muhuri, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amekamilisha. Sheha hakupigiwa kura na mtu, kwani huteuliwa na Mkuu wa Mkoa chini ya Sheria Na. 8 ya 2014, na diwani ambaye amepigiwa kura hana nafasi katika karatasi ile. Jina lenyewe la sheha ni la zamani kuliko sheria hizi, kwani Wahadimu, wenyeji wa asili wa Unguja, walikuwa na masheha wao tangu enzi za mtawala wao, Mwinyi Mkuu wa Dunga, na wazee wa Kusini wangali wanakumbuka mji ulipoamuliwa na watu wanne, yaani baraza la wazee. Sheha wa leo amerithi heshima ile bila ya kurithi baraza lililokuwa likimbana. Mgeni naye hathubutu kumlalamikia, maana ndiye atakayemwandikia barua ya ukaazi akitaka kitambulisho, na wenye mji hawamlalamikii kwa sababu kesho watauza wao.

Mtu ataniuliza kuhusu mipango mikuu. Katika karne iliyopita Mji wa Zanzibar ulikuwa nayo minne, wa 1923, wa 1958, wa 1968 uliochorwa na Wajerumani Mashariki na wa 1982 uliochorwa na Wachina, na yote imeutazama ukuaji kutokea mjini kuelekea nje. Hakuna ramani kati ya hizo iliyoutazama kutokea ndani ya eka tatu ya marehemu.

Njia inayokosekana si ya gari tu. Maji ya masika hupita mabondeni, na bonde ndilo hununuliwa mwisho kwa bei ya chini na mtu asiyelijua. Waliopita Mwanakwerekwe miaka ambayo bwawa lilikuwa likiifunga barabara wanaelewa ninachosema. Chini ya nyumba hizo mna mawe ya matumbawe yenye nyufa, na shimo la choo likichimbwa hatua chache kutoka kisimani, kinachotoka juu hufika chini upesi. Watu wakiwa wachache jambo hilo lilivumilika.

Mwezi uliopita niliitwa kupima eka tatu za familia moja yenye mgogoro wa aina hii na warithi kama wale wa mfano wangu. Kaka mkubwa, mwenye fungu la mbele, alikataa katakata kutoa njia. Dada yake mdogo, aliyekaa kimya tangu asubuhi, alimuuliza mzee aliyekuja kusimamia, "Baba mdogo, deni la maiti hulipwa kabla ya kugawa au baada?" Mzee akasema kabla. "Basi na njia itolewe kabla, halafu kinachobaki tugawane." Nilikaa chini ya mwembe nikapiga hesabu upya: robo ikitoka kwanza zinabaki mita 9,105, fungu la mwanamke linakuwa 996, viwanja vitatu badala ya vinne, lakini vyote vitatu vina mlango. Kaka alilalamika kwamba yeye amepunguziwa zaidi, jambo ambalo ni kweli, kwani fungu lake ni mara mbili. Sheha aliyekuwepo alikubali kutopiga muhuri mpaka vigingi vya njia visimame, na vigingi hivyo nimevipiga wiki hii, mita sita kwa upana, kutoka barabarani hadi mpaka wa nyuma.