Mwaka haujaandikwa: jinsi ninavyosoma postikadi za Nairobi

Geuza postikadi ya Nairobi ya miaka ya sabini au themanini utafute mwaka. Haupo. Utakuta jina la studio, sanduku la posta la mchapishaji, sentensi moja ya Kiingereza inayokueleza unachokiona, na pengine nambari ya orodha. Mchapishaji alijua anachofanya: kadi yenye mwaka huchakaa ikiwa bado dukani, isiyo na mwaka huuzwa hadi bunda liishe. Hila hiyo ndogo ya biashara ndiyo iliyotufanya sisi wakusanyaji wa kadi za baada ya Uhuru tuwe wapelelezi. Ili ujue kadi ni ya lini, huna budi kujua nani alikuwa Ikulu, barabara ilikuwa na jina gani, jengo gani lilikuwa limesimama na lipi lilikuwa bado ni mchoro mezani.

Mimi sikusanyi za kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Kadi za reli, masetla na wawindaji zina wenyewe, wengi wao wako Ulaya, na bei zao zimepaa. Hizi zetu za rangi kali, zenye anga la buluu kupita kiasi, bado zinapatikana kwa wauza vitabu vya mtumba wa barabarani, wale tunaowaita Inama. Mara nyingi muuzaji hata hajui anazo: zimekaa ndani ya riwaya, zikishika ukurasa ambao msomaji wa kwanza aliishia.

Jambo la kwanza ninalomfundisha anayeanza ni kwamba kila kadi ina tarehe tatu: ya picha, ya kuchapishwa na ya kutumwa. Hazilingani. Nina kadi inayoonyesha sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa masetla, ikiwa bado imesimama kwenye barabara iliyobeba jina lake, ilhali stempu nyuma ni ya Kenya huru. Sanamu iling'olewa Uhuru ulipoingia, barabara ikawa Kenyatta Avenue, lakini kadi zilizobaki dukani ziliendelea kuuzwa kama kawaida. Mtalii alinunua jiji lililokwisha ondoka akamtumia mama yake.

Stempu husaidia kwa tarehe ya kutumwa hata muhuri ukiwa umefifia. Stempu za kawaida za Kenya za makombe ya baharini zilianza 1971. Za kumbukumbu zilikuwa za pamoja kati yetu na Uganda na Tanzania hadi 1976, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwa hiyo ukikuta majina matatu ya nchi kwenye stempu moja, umeshika kipande cha ndoto ambayo wazee wetu waliiona ikifa.

Tarehe ya picha ndiyo yenye kazi, na ndiyo tamu. Chukua kadi iliyoandikwa "Government Road", halafu nyuma ya paa za maduka unaona mnara wa KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, umekamilika. KICC ulikamilika 1973. Government Road ikawa Moi Avenue baada ya Moi kushika urais 1978. Tayari umeibana picha katika miaka kama mitano bila kugusa muhuri. Kama huuoni mnara huo lakini Hilton, lile jengo la mviringo, limesimama peke yake likitamba, rudi nyuma hadi kati ya 1969 na mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kama hata Hilton halipo, uko karibu na Uhuru wenyewe.

Magari nayo yanasema. Nambari za zamani zilikuwa na herufi tatu na tarakimu basi. Herufi ya mwisho, kama KAA 001A, ilikuja 1989. Kwa kioo cha kukuza unaweza kusoma nambari ya Peugeot 504 iliyoegeshwa mbele ya benki, ikakwambia zaidi ya maelezo yote ya mchapishaji. Usikuze kupita kiasi lakini. Rangi za chapa ni vitone vidogo, na ukisogea mno gari lote linageuka vumbi la buluu na njano.

Tukae kidogo kwenye KICC, maana hakuna jengo lililouza kadi nyingi kuliko hilo. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU. Mchoro ulikuwa wa Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway, akifanya kazi na David Mutiso, msanifu majengo wa serikali. Kisha ikajulikana kwamba mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa 1973 utafanyika Nairobi, na jengo la chama likanenepa na kurefuka hadi likawa jumba la mikutano la dunia. Mzee Kenyatta alilifungua mwaka huo huo. Sanamu yake, iliyochongwa na Mwingereza James Butler, imeketi uwanjani mbele ya mnara.

Zipange kadi zako za KICC kwa kutazama sanamu ile imewekwa wapi kwenye picha. Kuna ambazo Mzee yuko mbele kabisa, mkubwa, na mnara unatokea nyuma yake. Kuna ambazo mpiga picha amesogea hadi Mzee akawa kidoa pembeni, na jengo ndilo mhusika. Katika sanduku langu, za aina ya kwanza ni nyingi miongoni mwa kadi za awali, na za aina ya pili zinaongezeka kadiri miaka ya themanini inavyosonga. Sitaapa kwamba mtu aliagiza hivyo. Lakini mpiga picha wa kadi anaishi kwa kuuza, na anayeuza hunusa hewa ya wakati wake.

Pembe hiyo ya kamera ilikuja kufika mahakamani, si kwa sababu ya postikadi bali noti. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Benki Kuu ilipozindua noti mpya Juni 2019, zote zilibeba picha ya KICC, na pale chini, ameketi, Mzee Kenyatta. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wengine wakalalamika kwamba sura imerudishwa kupitia mlango wa nyuma, huku upande wa pili ukijibu kwamba hiyo ni sehemu ya jengo tu. Mkusanyaji yeyote wa postikadi angewaambia kwamba KICC linaweza kupigwa picha kutoka pande nyingi, na nusu ya pande hizo hazina sanamu. Nina kadi za kuthibitisha.

Kimathi Street ni kisa kingine ninachokipenda. Wakati wa mkoloni iliitwa Hardinge Street. Baada ya Uhuru ikapewa jina la Dedan Kimathi, na kwa miongo kadhaa kadi zikaonyesha mkahawa wa Thorn Tree kwenye kona ya hoteli ya Stanley, wazungu wakinywa kahawa chini ya mti, na maandishi nyuma yakitaja Kimathi Street bila wasiwasi. Wakati huo wote, Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria. Marufuku hiyo ya mkoloni iliondolewa 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa kwenye barabara yake tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kwa hiyo unaweza kuwa na kadi mbili za kona ile ile: moja ina jina la mpiganaji na haina mpiganaji, nyingine anaonekana, bunduki mkononi.

Mandhari inayouzwa zaidi ya jiji zima ni ile ya kutoka kilimani, upande wa Community: Uhuru Park chini, ziwa dogo na mashua zake, halafu mstari wa majengo huku KICC likichomoza katikati. Bustani hiyo ilifunguliwa 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo mnara wa orofa 60 wa Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa kila ofisi iliyokuwa na mlango, akatukanwa bungeni, akafukuzwa ofisini mwake. Wafadhili walirudi nyuma na mradi ukafa. Kila kadi ya mandhari hiyo iliyopigwa baada ya hapo ni ushahidi wa mnara ambao haupo. Huwezi kuuona ushahidi huo kwa macho, inabidi uambiwe, ndiyo maana mimi huandika maelezo kwa kila kadi.

Mnara wa Nyayo wa 1988, ule wa Central Park wenye mkono ulioshika rungu ukitokeza kwenye Mlima Kenya, nao ulipata kadi zake. Ulijengwa kusherehekea miaka kumi ya utawala wa Moi. Leo nazo hazimvutii mnunuzi wa kawaida, ndiyo maana ninashauri uzinunue sasa. Kadi ya kitu ambacho watu wamechoka nacho ndiyo hutupwa kwanza, na baada ya miaka thelathini huitafuti ukaipata.

Kwenye matatu, wachapishaji walichelewa sana. Kwa miaka mingi matatu ilionekana kwenye kadi kwa bahati mbaya tu, ikikatiza mbele ya jengo ambalo ndilo lililokusudiwa. Manyanga ya miaka ya tisini, yaani matatu za kujipamba zenye michoro ya wanamuziki na wachezaji mpira, yalipoanza kuwavutia wageni, ndipo yakapewa kadi yao wenyewe. Kisha zikaja sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki, Februari 2004: vidhibiti mwendo, mikanda, na mstari wa njano kuzunguka gari. Michoro ikafutwa. Kama kadi ina matatu nyeupe yenye mstari wa njano ulionyooka, huna haja ya kuuliza. Kama kadi ina nganya, manyanga ya siku hizi, iliyochorwa kila pembe na mstari huo wa njano bado upo, basi uko upande huu, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kusema hadharani kwamba vijana waachwe wachore. Na kadi hizi mpya nyingi si picha bali ni michoro ya vijana wanaozichapisha wenyewe na kuziuza kwenye maonyesho ya sanaa. Ninazipenda kuliko za studio kubwa. Kwa mara ya kwanza maandishi yanaanza kuwa kwa Sheng na Kiswahili, ishara kwamba mnunuzi aliyekusudiwa ni wa hapa hapa.

Hilo linanileta kwenye malalamiko yangu ya siku zote. Kadi za Nairobi zinaishia Tom Mboya Street, kana kwamba ng'ambo ya Mto Nairobi hakuna watu. Kamukunji, mahali palipoitishwa mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi, 7 Julai 1990, sina hata kadi moja yake. Gikomba sina. Eastleigh ninayo moja, na imepigwa kutoka angani. Kibera ilipoanza kuonekana ilikuja kwa kadi za mashirika ya misaada, watoto wakitabasamu, hakuna jina la mtaa wala la barabara.

Kuna kadi moja ya aina nyingine ninayoishika kwa uangalifu: Moi Avenue kutoka juu, inapokutana na Haile Selassie Avenue, stesheni ya reli ikiwa kwa mbali. Aliyepiga alitaka jumba la Co-operative, lile lililotanuka chini kama suruali ya bugi. Pembeni yake yanaonekana Ufundi House na ubalozi wa Marekani. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua zaidi ya watu 200 na kuiangusha Ufundi House. Kadi za namna hii si za kufanyiwa biashara ya mbwembwe. Mwenye duka mmoja aliwahi kunipandishia bei kwa kuwa "ina ubalozi", nikaiacha.

Twiga mbele ya majengo marefu, picha iliyotukinaisha wote, nayo ina siku zake. Inapigwa kwa lenzi ndefu ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, na lenzi hiyo ndiyo inayousogeza mji hadi ukaonekana uko kisogoni mwa mnyama. Wahesabie majengo nyuma yake: Times Tower ni kuanzia 2000, Britam Tower ni kuanzia 2017. Tangu reli ya SGR ya kwenda Naivasha ivuke mbuga juu ya nguzo, kwa zaidi ya kilomita 6, licha ya kesi za watetezi wa mazingira, mpiga picha anapaswa kuchagua: aigeuze kamera daraja lisionekane, au alionyeshe. Wengi hugeuza. Ninayo moja tu iliyolionyesha, na treni ipo juu.

Kuhusu kuhifadhi, kwa ufupi: bahasha za polipropilini, si zile laini za PVC zinazonata na kula wino. Andika kwa penseli laini, kwenye kikaratasi cha kando. Usibandue stempu hata ukiambiwa ni adimu, kwa sababu kadi, stempu na muhuri vikitengana unabaki na vipande vitatu visivyojuana. Na usidharau ujumbe. Nina kadi ya Hilton ya Agosti 1982, siku chache baada ya jaribio la mapinduzi, ambayo mwandishi anamweleza shangazi yake kuhusu maduka yaliyovunjwa na amri ya kutotoka nje usiku, kisha anaongeza kwamba chakula cha hoteli ni kizuri. Picha upande wa pili inang'aa kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa sasa ninatafuta kadi yenye basi la Nyayo, yale mabasi ya serikali yaliyoanza 1986, likiwa barabarani na wala si kwenye sherehe. Natafuta pia yoyote ya Hilton iliyotumwa Desemba 2022, mwezi wa mwisho kabla ya hoteli kufungwa. Ninazo za ziada za KICC, Mzee akiwa mbele na akiwa pembeni, kwa mwenye kutaka kubadilishana.